Mvivu wa Siku Nane

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, limebanwa kati ya meza ya fundi viatu na mlango wa kinyozi. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha afya chenye geti la buluu. Benchi hilo linatosha watu wanne wakiwa wanapatana na watatu wakiwa wanagombana, kwa hiyo siku nyingi hukaa watatu. Kahawa ni ya Kinyozi. Anaichemsha kwenye birika la umeme lile lile la maji ya kunyolea, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuuliza swali la ziada. Fundi mwenyewe hakai benchini. Yuko kwenye kigoda chake nyuma ya meza, sindano mkononi, uzi mdomoni, anasikia yote na kusema machache. Wenzake walishazoea kwamba ndivyo alivyo.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa amenunua misumari midogo ya viatu, imefungwa kwenye kipande cha gazeti la zamani. Aliimwaga kwenye kopo, akalikunja lile karatasi alitupe. Halikufika chini. Lilidakwa na mzee mmoja mstaafu, ambaye jina lake la kijiweni ni Gazeti. Huyu alikuwa tarishi wa ofisi za serikali miaka thelathini na mmoja. Hakufungua faili hata moja maisha yake yote, lakini alizibeba nyingi mno, akaamini kwamba yaliyomo yalimwingia kupitia kwapani.

— Jamani, tulieni. Tulieni! Sikieni hii. "Vifo vya watoto wachanga wa kiume, nchi kwa nchi."

— Lirudishe ulikolitoa, alisema Kinyozi, akipuliza kahawa. Watu hata hawajaamka vizuri, wewe umeshaleta vifo.

— Si mimi, ni takwimu. Nchi hii ya juu kabisa, wakizaliwa wavulana elfu moja, wanaokufa kabla ya kufikisha mwaka ni wawili. Wawili, bwana! Sasa shuka. Shuka, shuka, shuka... ya mwisho huku chini, themanini na kitu.

— Themanini na kitu gani?

— Hapo pana tundu la msumari.

— Na sisi je? aliuliza Spika.

Spika ndiye mwenye pikipiki iliyofungwa kipaza sauti nyuma. Kazi yake ni kuzunguka mitaani akitangaza magodoro ya bei ya kutupa na sumu ya panya. Kwa kuwa mchana kutwa anapiga kelele kwa malipo, kijiweni anapiga za bure.

Gazeti aliinua karatasi, akalielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

— Sisi... ngoja. Huyu jirani yetu huyu hapa. Huyu mwingine huyu hapa. Sisi tuko kwenye tundu.

— Tundu gani tena?

— Misumari ya Fundi imekula mstari wetu wote.

— Fundi, umetutoboa taifa zima! alisema Spika, na wote wakacheka. Fundi naye akatabasamu kidogo, uzi bado mdomoni.

Wakati huo alikuwa anashona buti la kijana mmoja mwashi, suruali imeganda saruji mpaka magotini. Soli ilikuwa imeachia mbele, inafunguka na kufunga kama mdomo wa kambare. Kijana aliomba ashonewe haraka, akakaa pembeni mwa benchi, mguu mmoja umevaa buti na mwingine uko juu ya kipande cha boksi. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Kijiweni mteja anayengoja kiatu huhesabiwa kama sehemu ya benchi.

— Mimi nitawaambia siri, alianza Kinyozi. Ni baridi. Hizo nchi za juu zote ni za baridi. Ukimwacha mtoto kwenye joto, unategemea nini? Hata nyama inaharibika.

— Sasa wewe unafananisha mtoto na nyama?

— Nafananisha joto na joto.

— Haya, hii hapa ya nne, alisema Gazeti, akigonga karatasi kwa kucha. Joto tupu, jua la kukaanga, na wavulana wao hawafi. Na hii hapa chini, theluji mpaka mlangoni, wanakufa hao!

Kinyozi alipiga funda la kahawa ili apate muda.

— Basi hiyo ya joto wana mafeni.

— Nyie hamjui kitu, alisema Spika. Soma vizuri. Kwenye karatasi wasichana nao wapo?

— Wapo, safu ya pili. Karibu kila nchi, wavulana ndio wanaokufa zaidi.

— Umeona! Juu, chini, baridi, joto, wavulana tu. Kwa nini? Kwa sababu mwanamume ni mtu wa akili. Anazaliwa, anafungua jicho moja, anaangalia huku, anaangalia kule. Anaona kodi ya nyumba. Anaona wakwe. Anaona bosi. Anasema, hapana bwana, mimi hii siiwezi, narudi zangu.

Kinyozi alicheka mpaka akajimwagia kahawa kwenye koti lake jeupe. Gazeti alijipigapiga paja. Hata kijana mwashi aliachia tabasamu, ingawa la haraka haraka, la mtu mwenye mawazo yake mengine.

Fundi alitoa uzi mdomoni. Aliuchovya kwenye nta, akauvuta, akauchovya tena, na ulikuwa umeshajaa nta tangu mwanzo.

— Na zile nchi za juu? alisema Gazeti. Mbona huko hawarudi?

— Huko akifungua jicho anaona gari. Anabaki.

— Acha porojo. Mimi nimekaa serikalini, nawaambieni kitu ambacho hakijaandikwa. Tazameni majina ya hizi nchi. Zenye majina mafupi ziko juu. Zenye majina marefu ziko chini. Mtoto mchanga hawezi kubeba jina refu.

— Gazeti!

— Hesabu mwenyewe herufi.

— Kwa hiyo tukijifupisha jina tutapanda?

— Kuna faili niliwahi kuibeba kuhusu jambo hilo hilo.

Wakazihesabu herufi kweli. Vichwa vitatu vya watu wazima viliinamia karatasi lenye matundu, vidole vinatembea, huyu anasema saba, yule anasema nane. Ng'ambo ya barabara geti la buluu lilikuwa wazi. Wanawake waliingia na vichanga vyao vimefunikwa mpaka usoni, wengine wakatoka. Kati ya wale watatu hakuna aliyewahi kuvuka geti lile. Walijua kila kibovu kilichomo humo, hakuna dawa, hakuna wauguzi, hakuna taa. Walikuwa wameyajua hayo yote wakiwa wamekaa benchini.

— Ngojeni niwamalize, alisema Kinyozi, akakunja mikono ya koti. Mimi nashika vichwa vya watu kila siku, namjua mwanamume tangu utosini. Mvulana ni mvivu. Uvivu wa kuzaliwa nao! Msichana akitoka tumboni ana haraka kama katumwa dukani. Ananyonya, analia, anajua anachotaka. Mvulana yeye analala. Ukimpa ziwa anageuza uso. Wanawake wa siku hizi wakiona hivyo wanatapatapa, wanakimbia huku na huku, mtoto anapata mshtuko, anakufa. Wale wa nchi za juu wanamwacha alale. Akichoka kulala atanyonya mwenyewe.

— Hapo umenena, alisema Spika. Hata mimi mama aliniambia nilikuwa silii kabisa.

— Ndiyo maana sasa unalipiza.

Wakacheka tena. Kicheko kilipopungua, kijana mwashi alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

— Samahani, wazee wangu.

Waligeuka, wakamwona kwa mara ya kwanza.

— Huo uvivu, alisema, huwa unachukua siku ngapi?

— Uvivu gani?

— Huo wa mtoto wa kiume. Mimi nimepata mtoto, wa kwanza. Leo ana siku nane. Tangu jana jioni hanyonyi, amelala tu. Mama mkwe anasema hivyo hivyo, wavulana ni wavivu, nisimsumbue. Nilitaka tu kujua ni siku ngapi, halafu ndiyo ananyonya.

Gazeti alishusha macho kwenye karatasi, utadhani jibu linaweza kuwa kwenye safu ya tatu. Kinyozi alisema, "Aa, inategemea," bila kusema inategemea nini.

Fundi alikuwa ameshasimama.

Miaka kumi na tisa nyuma, katika mji mwingine, Fundi alikuwa mwanafunzi wa mtu, anashona viatu kwenye veranda ya wenyewe, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Alikuwa mtoto mtulivu. Majirani walipita kumwona wakasema, mpole huyu, kama baba yake. Siku ya kumi alikuwa mpole zaidi, hata akiguswa hakushtuka, na Fundi aliondoka kwenda kazini akiwa na fahari kifuani kwamba mwanawe hana usumbufu. Usiku ule mtoto alikuwa wa moto. Kulipokucha alikuwa wa baridi. Siku kumi na moja, basi. Baadaye Mungu akawajalia mabinti wawili, na wote wawili walilia mpaka paa likataka kuruka. Fundi akawa anaamka kuwasikiliza na kushukuru. Nyumbani kwake hadi leo hakuna ruhusa ya kumsifu mtoto kwa utulivu. Mkewe hapendi. Kijiweni hakuwahi kulisema. Na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili hapo.

— Mwanangu, alimwambia yule mwashi, ukimgusa yukoje? Wa moto?

— Jana alikuwa wa moto. Asubuhi hii naona amepoa.

— Ukimfinya kidogo unyayoni, anavuta mguu?

Kijana alifikiri.

— Sijamfinya.

— Mnakaa wapi?

— Nyuma ya duka la mbao, pale kwenye kona.

— Spika, washa pikipiki.

— Mimi? Nina tangazo la magodoro saa nne...

— Washa pikipiki!

Hakuna aliyewahi kumsikia Fundi akipaza sauti. Spika alikurupuka. Kile kipaza sauti kilikuwa kimekaa pale pale pa kukalia abiria, kimefungwa kwa mpira na nati nne zenye kutu. Fundi alichukua kisu chake cha kukatia ngozi, akakata mpira. Kinyozi alikuja na koleo. Nati mbili zilikubali, mbili zikagoma, na Gazeti alisimama pembeni akisema "kulia, kulia, fungulia kulia" mpaka Kinyozi akamwomba anyamaze. Mwishowe walikivunja. Boksi lilianguka barabarani likapasuka, na Spika hakulitazama. Kijana alipanda nyuma, buti moja mguuni. Wakaondoka.

Waliobaki walivuka barabara kwa miguu. Kwenye geti la buluu walisimama.

— Mlango wa watoto ni upi? aliuliza Fundi.

Gazeti alinyoosha kidole kushoto. Kinyozi akanyoosha kulia. Kushoto palikuwa na choo, na kulia palikuwa na jenereta lililokufa. Mama mmoja aliyekaa sakafuni na mapacha wake ndiye aliyewaonyesha, kwa kidevu tu maana mikono ilikuwa imejaa. Mlango wa tatu, wenye pazia.

Ndani ya pazia kulikuwa na muuguzi mmoja mwenye sweta la zambarau juu ya sare, na foleni ya watu kumi na saba. Fundi alimweleza kwa maneno machache. Yule dada hakuuliza zaidi. Alisogeza meza, akavaa glavu, akatandika kitambaa kisafi.

— Akifika asipange foleni. Mleteni moja kwa moja hapa.

Kisha pikipiki iliingia mpaka ndani ya geti, na mlinzi akiikimbiza nyuma. Mama wa mtoto alikuwa binti mdogo mwembamba, kanga imefungwa kombo, amemkumbatia mwanawe kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Hakuwa analia. Alimkabidhi muuguzi mtoto na mikono yake ikabaki hivyo hivyo, imekunjwa, haina kitu.

Muuguzi alimfinya mtoto unyayoni. Mguu haukuvutwa. Akafinya tena kwa nguvu zaidi, na kidole kimoja kikakunjuka taratibu.

— Yupo, alisema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na wale wanaume waliyaona kwa vipande vipande kupitia pembe ya pazia. Waliona sindano ndogo kama ya kushonea shanga, na mshipa uliotafutwa mkononi ukakosekana, ukatafutwa kichwani ukapatikana. Waliona chupa ya maji ikining'inizwa kwenye msumari wa ukutani. Muuguzi alikuwa akiongea huku anafanya kazi, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyerudia maneno hayo mara elfu.

— Ameanza lini kukataa ziwa?

— Jana jioni, alisema mama.

— Mbona hamkuja jana jioni? Tuko wazi hapa. Mtu analala humu humu.

Mama alimtazama mumewe. Mume alitazama mguu wake usio na kiatu.

— Walisema wavulana ni wavivu.

— Nani walisema?

Macho ya kijana yaliteleza kidogo kuelekea kwenye pazia. Kinyozi alihisi macho hayo yakimgusa, akaanza kufuta lile doa la kahawa kwenye koti lake kwa kidole gumba.

— Kweli mvulana ni dhaifu kuliko msichana, alisema muuguzi. Mapafu yake yanachelewa kukomaa, ugonjwa unamwingia upesi. Sasa mtu ukishajua ni dhaifu, unamngoja? Mvulana hangojewi. Hata saa moja.

Gazeti bado alikuwa na lile karatasi mkononi. Aliona hapa ndipo penyewe, pana mtaalamu. Alisogeza pazia, akajisafisha koo.

— Samahani, daktari. Kuna orodha hii ya nchi. Ya juu wawili, ya chini themanini. Sisi tulikuwa tunajiuliza, tofauti hasa inatokana na...

— Baba, alisema muuguzi, shika hii chupa. Msumari unalegea.

Gazeti alilitia karatasi mfukoni, akashika chupa. Aliishika juu mkono umenyooka, saa nzima na zaidi, mabega yakitetemeka. Kila Kinyozi alipotaka kumpokea alikataa kwa kichwa. Miaka thelathini na mmoja ya kubeba, na siku ile ndiyo aliyojua alichobeba.

Mtoto alilia saa saba mchana. Hakikuwa kilio cha kusifiwa, kilikuwa kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo. Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa nje. Aliposikia alichuchumaa, akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu. Spika alimwona, akadhani amechoka.

Siku tano zilipita. Siku ya sita kijana mwashi alikuja kuchukua buti lake, na lilikuwa limeshonwa mishono miwili badala ya mmoja. Alileta habari. Mtoto ananyonya, analia usiku kucha, wenzao wa wodini wanalalamika. Kesho wanaruhusiwa kurudi nyumbani. Benchi lote lilisimama, wakamshika mkono mmoja mmoja, kisha wakakaa, na kahawa ikamiminwa.

Haikupita muda, ulimi ukaanza kuwawasha.

— Mimi nilijua tu, alisema Spika. Pikipiki ile siku hiyo ilikwenda mbio ambazo haijawahi. Hizo nchi za juu, nawaambieni, siri yao ni pikipiki.

— Siri yao ni watu wa kushika chupa, alisema Gazeti. Nchi yenye mikono mirefu mtoto hafi.

Kinyozi hakutoa nadharia. Alimwongeza kijana kahawa bila kuombwa. Alikuwa amemwongeza mara mbili tayari.

Kijana alikuwa akifunga kamba za buti. Aliinua uso.

— Fundi, alisema, ninyi wote mlikuwa mnacheka hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Wewe ulijuaje?

Watatu wale waligeuka. Kila mmoja alitaka kujibu kwa niaba yake, kama kawaida. Walimjua Fundi anavyopenda kahawa chungu, walimjua anavyokohoa, walijua mabinti zake wanasoma darasa gani. Hili hawakulijua.

Fundi alichoma sindano kwenye kipande cha ngozi, akaiacha hapo.

— Nilikuwa na mtoto wa kiume, alisema. Kabla ya wasichana. Alikaa siku kumi na moja. Watu walisema ni mpole, na mimi nikasema ni mpole, nikaenda kazini.

Lori lilipita, likatimua vumbi, na hakuna aliyefunika kikombe. Spika, ambaye tangu apate akili hakuwahi kukosa neno, safari hii ilimbidi alitafute. Alifikia lile ambalo mtu yeyote humuuliza mwenye mtoto mchanga, swali la kawaida kabisa, la wageni, ambalo Fundi hakuwa ameulizwa kwa miaka kumi na tisa.

— Alifanana na nani?

Fundi alimtazama.

— Na mama yake, alisema. Macho, pua, kila kitu mama yake. Masikio tu ndiyo yalikuwa yangu.

Na Kinyozi, aliyekuwa amemnyoa kila mwezi kwa miaka kumi na mbili, akamgeukia taratibu, akayatazama yale masikio.